Bibi yake Adeodatus

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Leo tarehe 27 Agosti, Mtakatifu Monika. Nimetoka misa ya asubuhi nikakaa na simu nikasema leo naandika kabla sijagusa kazi yoyote, maana hili jambo nimelibeba miaka na kila ikifika siku kama ya leo linanirudia. Mahubiri ya Monika sote tunayajua, mama wa machozi, alimlilia mwanae Augustino mpaka akaongoka, kina mama msichoke kulia. Sawa, ni kweli, na mi nimelia sana tu. Ila sijawahi kusikia mtu anasimama kusema huyu mama alikuwa pia bibi. Alikuwa na mjukuu wa kiume anaitwa Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu, alizaliwa kama mwaka 372 kule Afrika ya Kaskazini, na siku Monika anakata roho yule kijana alikuwepo palepale. Mi nina wajukuu 7, kwa hiyo zikisomwa habari za Monika akili yangu inakimbilia kwake.

Niseme kidogo kuhusu mimi kwa wale wageni hapa. Niliolewa nikiwa na miaka 22, tukaishi kwenye ndoa miaka 39 mpaka Mungu alipomchukua baba watoto, huu ni mwaka wa nne naitwa mjane. Watoto 4. Maisha yangu ukiyaangalia kwa nje hayana cha kusimulia, misa, kazi, watoto, wagonjwa, misiba, Kwaresima, huyu komunyo ya kwanza, yule kipaimara, halafu unashtuka nywele zimekuwa nyeupe.

Na rozari. Rozari yangu ni ya mbao, mama yangu wa ubatizo alinipa siku ya ndoa, na kwenye fungu la tatu punje moja ilipasuka zamani nikafunga kifungo cha shati la mume wangu mahali pake, kifungo cheupe cha matundu manne, kidole kikigusa pale hata kama ni gizani najua niko wapi. Mwanzoni nilikuwa natoa fungu moja kwa kila mtoto na la tano kwa baba yao, ikatosha kabisa kama vile ilipangwa, watoto 4 na mume mmoja mafungu 5. Wajukuu walipoanza kuja mafungu hayakutosha, ndio nikaanza kumpa kila mtu punje yake. Anayefuata ni nani, ana shida gani wiki hii, Salamu Maria, anayefuata. Na zile zinazobaki nawapa watu nisiowajua, yule mama niliyemwona analia kwenye basi, mtoto aliyetangazwa kupotea. Ile punje ya kifungo iliangukia kwa mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa mwanangu mkubwa. Sikuchagua, nilihesabu tu ikamwangukia yeye.

Watu huwa wananiuliza hivi kurudia Salamu Maria 50 kila siku hakuchoshi. Mtoto unamwogesha leo na kesho na keshokutwa, unampigia simu yule aliye mbali unamuuliza swali lilelile umekula umelala, hakuna anayekuuliza kama imechosha. Mi huwa nachoka mwili, usingizi unanichukua katikati ya matendo ya uchungu naamka kichwa kimeanguka kifuani, naendelea pale kidole kilipoishia.

Haya turudi kwa Monika. Alizaliwa karibu mwaka 331 mji wa Thagaste, sa hivi unaitwa Souk Ahras uko Algeria, kwa hiyo ni Mwafrika huyu, mwenzetu. Karibu yote tunayoyajua kuhusu maisha yake tunayajua kwa sababu mwanae aliyaandika kwenye kitabu chake cha Maungamo, ile sehemu inayoitwa kitabu cha 9 hasa. Na kuna kitu kidogo mle nakipenda kuliko vyote, anasema Monika alilelewa na mtumishi mmoja mzee wa nyumbani kwao, na huyo mtumishi alipokuwa msichana ndiye aliyekuwa anambeba mgongoni baba yake Monika. Ebu mwone huyo bibi. Kambeba baba mgongoni, baba kakua kaoa kazaa, na yeye yupo bado analea watoto wa yule aliyembeba, anawakataza hata kunywa maji ovyo nje ya saa za kula ili wakija kushika funguo za stoo wasije wakawa na tabia hiyohiyo kwenye divai. Jina lake halikuandikwa. Mtakatifu Monika kalelewa na mama wa watu ambaye hakuna anayemjua jina. Hilo la majina nitalirudia.

Akaozwa kwa Patricius, hakuwa Mkristo, mtu mwenye heshima yake mjini lakini mkali sana akikasirika, na mwaminifu kwenye ndoa hakuwa. Mama mkwe naye mwanzoni alikuwa hamtaki, wafanyakazi wa ndani walikuwa wanampelekea maneno. Monika akavumilia kwa upole mpaka yule mama mwenyewe akageuka upande wake, akamwambia mwanae ni akina nani wanaochonganisha. Na mumewe akija na hasira alikuwa hajibu, anasubiri mpaka apoe ndio anamweleza. Mwisho wa yote Patricius akabatizwa, muda mfupi tu kabla ya kufariki, kama mwaka 371 hivi.

Hapa nataka kusema kitu na nakisema kwa moyo wote. Kuna watu wanaichukua hii habari wanawahubiria wanawake wanaopigwa wakae kimya kama Monika. Naomba mwache. Augustino mwenyewe anaandika wanawake wa pale mjini walikuwa na alama za kipigo usoni na wakamshangaa Monika kwa sababu Patricius, pamoja na ukali wake wote, hakuwahi kumpiga. Upole wake haukuwa wa kuficha majeraha. Na Kanisa lenyewe kwenye Sheria zake, kanuni ya 1153, linamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake akiwa anamhatarisha roho au mwili, yeye au watoto. Mama anayepigwa aondoke akae mahali salama, halafu asali akiwa huko salama, Mungu anamsikia vilevile. Mi mume wangu alikuwa mtu mpole, mkali nilikuwa mimi, kwa hiyo siwezi kusimama kumfundisha mwanamke yeyote kuvumilia kitu ambacho mimi sijakibeba.

Sasa mwanangu mkubwa.

Huyu alikuwa mtumishi wa altare miaka 6, alikuwa anaijua misa kuliko mimi. Alipofika miaka 24 akaacha. Hakugombana na mtu, hakuhamia dhehebu lingine, aliacha tu, kama mtu anavyoacha nguo iliyombana. Nikaanza kumwandama. Jumapili asubuhi sana meseji, umeenda misa? Asipojibu voisi, halafu voisi nyingine ya dakika nne. Nilimtumia mafundisho, nikamtumia picha za watakatifu, nikamtuma rafiki yake, nikamtuma mjomba wake. Baba yake akawa ananiambia taratibu, mama, huyu mtoto utampoteza kwa mdomo, namjibu wewe huoni roho yake inaangamia? Siku moja akaja nyumbani, akakaa, akasema, "Mama, nakupenda. Ila nikiona jina lako kwenye simu siku ya Jumapili nageuza simu." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Monika naye alipita humuhumu. Augustino alipoingia kwa Wamani, ile dini yao ya mwanga na giza, mama yake alimkataa kabisa kuishi naye na kula naye meza moja. Ikabidi aote ndoto ndio amkubalie tena. Kwenye ndoto kasimama juu ya ubao, analia, kijana anang'aa anamuuliza unalilia nini, anamwambia tazama, pale ulipo wewe na yeye yupo. Akamsimulia mwanae, Augustino akataka kuigeuza, akasema basi maana yake ni wewe utakuja nilipo mimi. Monika palepale akamjibu hapana, sikuambiwa alipo yeye utakuwepo wewe, nimeambiwa ulipo wewe atakuwepo yeye. Huyo ni mama! Hakusoma shule kubwa lakini mwanae, mwalimu wa ufasaha, hakumpiga chenga. Na baada ya ndoto hiyo ikapita karibu miaka 9 mingine mwanae hajaongoka. Mwaka 383 kule Carthage Augustino akamdanganya, akamwambia namsindikiza rafiki tu, mama akaenda kusali kwenye kikanisa cha Mtakatifu Sipriani usiku kucha, asubuhi meli imeshaondoka kwenda Roma na mwanae yumo. Nikifika hapo huwa najiuliza alirudije nyumbani ile asubuhi, njiani alikuwa anamwambia Mungu nini.

Sasa yule mwanangu akaanza kuishi na binti. Bila ndoa. Wakaja kunisalimia, binti kanyoosha kitenge vizuri, kapiga magoti kunisalimu, na mimi nikamwitikia kwa mdomo tu. Nikawaambia hapa kwangu hamlali chumba kimoja. Hilo la chumba silijutii, nyumba ni yangu na ndivyo ninavyoamini. Ninachojutia ni kilichofuata. Sikumwita mkwe. Nilimwita "yule binti." Nikimuuliza mwanangu kwenye simu, yule binti hajambo? Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzuri, nikampa punje ya kifungo, nikambeba, nikamwimbia, na mama yake bado ni yule binti.

Walipogoma kumbatiza nikapata kichaa kabisa. Alikuwa na miezi 5, wameniachia nilinde kutwa. Nikampashia maji, nikamweka kwenye beseni, mkono wa kushoto nimemshika shingo, wa kulia nikachota maji. Kila bibi Mkatoliki anayesoma hapa anajua nilichotaka kufanya, maana maneno tunayajua, na mtu yeyote anaweza kubatiza kukiwa na hatari ya kifo, hata asiye na daraja. Nikamnyanyua kichwa kidogo. Ananiangalia. Tone limemdondokea mdomoni analilamba, anatabasamu na lile fizi lake tupu. Hana homa, hana kikohozi, ana afya kama ndama. Hakuna hatari yoyote ya kifo hapa, nikajisikia nikisema kwa sauti, hakuna hatari yoyote. Nikayamwaga yale maji tumboni kwake nikaendelea kumwogesha.

Jumamosi nikaenda kuungama nikamweleza padre. Hakunigombeza. Aliniambia Kanisa linataka wazazi waridhie, au angalau mmoja wao, na liwepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa kwenye imani, iko kwenye kanuni ya 868, na sio kwa sababu Kanisa linapenda makaratasi, ni kwa sababu ubatizo unahitaji mahali pa kukua na mahali hapo ni kwa wazazi wake. Nikamwambia padre wazazi hawako tayari. Akaniuliza, "Mama yake unamwombea?" Nikasema naam padre, namwombea. Akasema, "Anaitwa nani?"

Nilinyamaza. Jina nilikuwa nalijua bila shaka. Lakini pale kwenye kiti cha kitubio niligundua sijawahi kulitamka nikisali. Kwenye rozari yangu nzima, punje 50 na zaidi, na wale wageni wa kwenye basi wana zao, yeye hakuwa na punje.

Wapendwa hapa ndipo Monika alinishika. Kwa sababu Adeodatus naye alikuwa na mama. Aliishi na Augustino miaka kama 15, alimzalia mtoto, akavuka bahari. Halafu kule Milano ikatafutwa posa ya heshima, binti mdogo ambaye hata umri wa kuolewa kisheria ulikuwa bado miaka 2, na Augustino anaandika wazi kwamba aliyehangaika zaidi na hiyo posa alikuwa mama yake. Yule mwanamke akarudishwa Afrika. Akaapa hatamjua mwanaume mwingine maisha yake yote, na mtoto akamwacha kwa baba yake. Augustino anasema moyo wake yeye ulichanika ukawa unavuja damu. Na ndoa yenyewe haikufungwa kamwe. Sasa niambieni jina la yule mwanamke. Halipo. Kaandika vitabu vingi kuliko ambavyo mi nitasoma maisha yangu yote na jina la mama wa mtoto wake halimo. Wengine wanasema alilificha kwa heshima. Labda. Mi nampenda Monika na leo nimewasha mshumaa wake, lakini hapa nafikiri alikosea, au tuseme alifanya kile ambacho kina mama wa heshima walifanya siku zile bila kumtazama yule mwanamke usoni. Nasema hivyo kwa sababu nililifanya mimi pia.

Nikampa mkwe wangu punje iliyofuata baada ya kifungo. Wiki kadhaa namtaja tu kwa jina, namtaja, moyo mgumu. Halafu nikafunga safari. Nilimkuta anakunja nguo za mtoto. Nikamwambia, mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha, nimekuita yule binti mwaka mzima na nusu na wewe ni mkwe wangu na ni mama wa mjukuu wangu. Hakujibu. Aliendelea kukunja. Nikasimama pale sijui nikae au niondoke. Baadaye akasogeza lundo la nguo upande wangu, soksi ndogondogo zote hazina wenzake, nikakaa chini nikaanza kutafuta pacha za soksi. Tulikunja mpaka zikaisha. Wakati naondoka akasema, "Karibu tena mama." Alikuwa hajawahi kuniita mama.

Na zile meseji za Jumapili nikaziacha. Kwa kweli ilikuwa ngumu kuliko kufunga Kwaresima. Vidole vilikuwa vinawasha. Badala yake Jumapili nikaanza kumtumia mwanangu salamu kama mtu na mtoto wake, umeamkaje baba, basi. Akaacha kugeuza simu.

Baba yao akafariki katikati ya hayo yote. Aliugua wiki 3. Alipakwa mafuta matakatifu, akakomunika mara ya mwisho, na siku moja kabla ananiambia usigombane na mtoto. Nikamwambia nimeshaacha. Akasema najua, nimekuona. Yaani alikuwa anaona na hakusema.

Ndio maana kifo cha Monika nikikisoma sa hivi nakisoma tofauti. Walikuwa Ostia, bandari ya Roma, mwaka 387, wanasubiri meli ya kurudi Afrika. Maisha yake yote Monika alikuwa anataka azikwe kando ya mumewe, alishaandaa na sehemu. Akashikwa na homa, na akawaambia wanae, zikeni huu mwili popote, msihangaike nao, ninachoomba ni kimoja, popote mtakapokuwa nikumbukeni kwenye altare ya Bwana. Siku ya tisa akafariki, ana miaka 56. Mi nimeshawaambia wanangu hivyohivyo, misa kwanza, jiwe la kaburi baadaye. Kipande cha jiwe la kaburi lake Monika kilikuja kuonekana hukohuko Ostia mwaka 1945, na masalia yake yako Roma kwenye kanisa la mwanae, lakini yeye hakuomba jiwe.

Na sasa ndio yule mjukuu. Monika alipokata roho, Augustino alijikaza, anasema alikuwa anajizuia machozi kwa nguvu zote kwa sababu aliona kulia sio sawa kwa mtu aliyekufa vizuri hivyo. Wote walijikaza. Aliyepiga yowe ni Adeodatus. Kijana wa miaka kama 15, na watu wazima wakamtuliza mpaka akanyamaza. Yaani kwenye chumba chote kile aliyemlilia Monika kwa sauti ni mjukuu wake.

Huwa najiuliza walikuwa wanaongea nini wale wawili. Kitu kimoja kimebaki. Mwaka mmoja kabla, Novemba 386, walikuwa kwenye nyumba ya shamba kule Cassiciacum, Augustino alikuwa anatimiza miaka 32 wakawa wanajadili furaha ni nini na ni nani aliye na Mungu. Bibi yuko palepale kwenye mjadala na wanafunzi, anajibu kama wao. Kila mtu kajibu lake, yule kijana mdogo kuliko wote akasema mwenye Mungu ni yule asiye na roho mchafu ndani yake. Na imeandikwa kwamba Monika alikubali majibu yote, lakini hilo ndilo alilolikubali kuliko yote. Nilipolisoma nilicheka nikalia. Bila shaka! Bibi gani atakubali la mtu mwingine wakati mjukuu wake kaongea? Pasaka iliyofuata Ambrosi, askofu wa Milano, akawabatiza baba na mtoto usiku mmoja. Miaka michache baadaye kijana naye akafa, akiwa bado na miaka ya ujana, akamfuata bibi yake.

Na mimi wa kwangu wa kifungo ana miaka 9 sasa. Mwaka jana mkwe wangu alinipigia mwenyewe, akasema mama, mtoto anauliza kwa nini wenzake wana majina ya ubatizo na yeye hana, mi naona aanze mafundisho, utanisaidia? Nikamuuliza baba yake anasemaje. Akasema kasema hana shida. Hana shida! Nimesubiri hilo neno miaka mingapi, na limekuja kupitia kwa mtu niliyemnyima punje. Akishavuka miaka 7 mtoto anaandaliwa kama mkatekumeni, kwa hiyo akijaliwa ni Mkesha wa Pasaka ijayo, ubatizo, kipaimara na komunyo usiku uleule. Mkwe anampeleka kila Jumamosi na yeye mwenyewe anakaa nyuma anasikiliza. Mwanangu hajarudi. Ndoa bado hawajafunga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, na kuna mama anasoma hapa naye wa kwake hajarudi.

Kila siku usiku mjukuu ananipigia kwa simu ya mama yake tunasali fungu moja. Hana rozari bado, anahesabu kwa vidole, na huwa ananiuliza katikati bibi umefika kwenye kifungo? Nikifika namwambia nimefika, naye anaisali ile kwa sauti kubwa kidogo kwa sababu anajua ni yake. Nyuma yake huwa nasikia TV ya baba yake, mpira au habari, sauti iko juu, namsikia mtoto anapandisha sauti ili aishinde.

Jana tumeanza kama kawaida, TV inaunguruma. Tukafika kwenye Salamu Maria ya sita na mtoto akakohoa akapoteza hesabu, akaanza kurudi nyuma, ya tano au ya sita bibi? Na nikasikia TV inapunguzwa. Haikuzimwa, ilipunguzwa tu, taratibu, mpaka nikawa nasikia pumzi ya mtoto kwenye simu.

"Ya sita baba," nikamwambia. Tukaendelea.